Kurasa Huru

Saa tisa usiku umeme ulikatika Karigasniemi.
Dakika nne tu, theluji imezielemea nyaya.
Asubuhi Biehtár akanipigia simu:
"Tuire, faili halifunguki.
Linasema si hifadhidata."

Si hifadhidata!
Miaka kumi na tisa ya masikio ya kulungu wa theluji,
kila ndama na mkato wake, kila mkato na mwenyewe,
na leo mashine inakana yote kama shahidi aliyehongwa.

Nikamuuliza umegusa nini.
Kimya. Halafu: "Kulikuwa na kifaili pembeni,
jina lile lile, lina mkia. Nikadhani takataka."
Sikumgombeza. Mkia ule ndio ulioshika dakika ya mwisho,
maandishi yaliyokuwa njiani, hayajapiga hodi.

Nikaendesha kilomita mia, taa zimewashwa mchana.

Kwanza nakala.
Kabla ya kahawa, kabla ya kuvua glavu, nakala.
La asili nikalifungia kwenye droo
pamoja na visu vya kukatia masikio;
mgonjwa huyu hana damu ya kumwaga mara mbili.

Kisha nikampasua kichwa.
Baiti kumi na sita za mwanzo, pale faili hujitaja jina,
zilikuwa sifuri, sifuri, sifuri,
zizi tupu asubuhi ya upepo.
Nikaziandika upya, herufi kwa herufi.
Likafunguka,
likaanza kulalama:
ukurasa wa 88 una wazazi wawili,
faharasa inamwita ndama asiyeitika,
tawi limening'inia bila shina.
Ukaguzi ulihesabu makosa mia, ukachoka, ukanyamaza.

Faharasa si kitu. Ni kivuli tu,
hurudi yenyewe mwili ukirudi.
Mimi nilitaka mwili.

Basi ukurasa baada ya ukurasa,
kinachosomeka nakihamishia faili jipya,
kisichosomeka nakizunguka kama barafu nyembamba.
Biehtár ananikaangia samaki, anaviacha vipoe,
anasimama nyuma yangu akisoma kwa sauti ya chini:
kulia pengo mbili, kushoto ncha imekatwa.
Huyo wa shangazi.
Huyo wa mtoto wa Risten, alipewa siku ya ubatizo.
Anawajua wote. Mimi najua namba tu.

Kufika jioni walirudi elfu tisa na kumi na wawili.
Watatu hawakuonekana; walimezwa na zile dakika nne.

Lakini programu ilikuwa imekusanya pia vya kuokota,
safu zisizo na kwao, zilizotoka kwenye kurasa huru.
Nilimweleza: ukifuta, hakuna kinachofutika.
Ukurasa huambiwa tu, wewe sasa u huru,
nao hukaa na maandishi yake, miaka hata miaka,
hadi atokee anayehitaji nafasi.

Akaisogelea skrini.
Kushoto, mkia wa mbayuwayu. Kulia, tundu moja.
Ásllat.

"Huyu nilimfuta mimi."
Akakaa.
"Mwaka ule aliouza wanyama wote kwa siku moja,
akaenda Oulu kuendesha kreni.
Kaka yangu. Nilibonyeza kwa kidole hiki."

Nje mashine ya kusukuma theluji ilipita,
mwanga wake wa njano ukazunguka darini, ukaondoka.
Nikasema, naweza kumwondoa, sasa hivi, bila shida.
Akatazama ule mkia wa mbayuwayu
kwa muda mrefu kuliko wanaohitaji wanaosoma.

"Mwache," akasema.

Abaki, au aende zake?
Lugha nayo ina kurasa zake huru.
Sikumuuliza. Nikajenga faharasa upya, nikakagua tena:
sawa, jibu la neno moja, tamu kuliko mshahara.
Nikahesabu mara ya mwisho.
Elfu tisa na kumi na watatu.

Biehtár aliiona namba.
Akachukua sahani ya samaki, akaenda kuipasha moto.